Kifungo cha Tatu

Nilikuwa natafuta kitu ambacho jina lake silijui.
Hilo lilinichosha kuliko jua la Ngamiani.
Ukitaka chumvi, unasema chumvi.
Mimi nilisimama kwenye dirisha la duka la dawa
nikaeleza kwa mikono, kama bubu:
mwanangu, miaka saba, anajua kujumlisha,
barabara zetu zote anazitaja kwa namba, kwenda na kurudi,
lakini penseli inamponyoka kama dagaa mbichi,
na kila asubuhi ananifuata mlangoni
shati la shule likiwa wazi kifua kizima.

Muuza dawa akanipa vitamini.

Lugha yetu ina ukali wake:
kifungo ni cha shati, kifungo ni cha jela.
Kibwana alitumikia vyote viwili
kabla ya uji.

Shangazi yake Mwanamkasi akasema kombe.
Tukaenda Duga, akanywa.
Zafarani ilimkolea, akaomba kikombe cha pili.
Vidole vikabaki vilevile.

Mwalimu akasema: mzembe.
Aliponiona uso akaongeza: labda.

Wahenga walituachia chanda chema na pete yake.
Chanda kisichotii
hawakukiachia neno.

Mmoja akasema Dar es Salaam. Mwingine, Moshi.
Nauli ya Moshi niliihesabu kwa pancha:
pancha arobaini, kwenda tu,
tena siku hizi wateja wangu wamehamia bodaboda.

Halafu mnyororo ukamkatikia nesi mmoja
mbele ya kibanda changu.
Hakutazama mnyororo. Alimtazama Kibwana
akihangaika kuokota nati mchangani,
mara tano, mara sita,
na mimi nikijifanya natafuta spana.
Akasema: tiba kwa vitendo.
Nikamwomba aandike.
Akaandika nyuma ya risiti ya luku:
Makorora, Alhamisi, chumba cha nyuma,
palipokuwa stoo ya mikeka.

Dakika kumi kwa baiskeli.
Miaka miwili nimeupita mlango ule
nikipeleka matairi.

Bi Namsifu hakuwa na koti jeupe.
Nilikwenda na pesa ya sindano mfuko wa ndani,
nimeibana kwa pini.
Akatoa sinia la kunde,
vibanio vya nguo,
donge la unga lililokandwa kwa chumvi.
Nikasema moyoni: nimefunga kibanda kwa ajili ya hili?
Mtoto akabana kibanio kimoja kwenye ukingo wa kopo.
Kikaanguka. Akabana tena. Bi Namsifu
hakumshika mkono, hakumpigia makofi,
alisubiri tu, kama mtu mwenye siku nzima.
Kisha akaniuliza kazi yangu.
Nikamwambia.
Akacheka hadi akafuta macho:
“Baba Kibwana, dawa umeikalia.”

Basi nati. Vifuniko vya valvu.
Spoku za kupanga, ndefu na fupi,
pampu ya kusukuma kwa mikono miwili hadi mia.
Kila jioni nusu saa, gresi hadi viwiko,
mama yake akilalamikia sabuni.
Usinisikie ukadhani ilikuwa rahisi.
Siku moja alizimwaga nati zote mtaroni
nikaziokota peke yangu kwa tochi,
nikisema maneno ambayo siyaandiki hapa.
Alhamisi mbili hatukwenda. Sikuwa na sababu,
nilichoka.

Vuli ikapita.

Jumatatu hii nilikuwa natia maji kwenye birika.
Nyuma yangu, kimya kirefu.
Nilijizuia nisigeuke. Maji yakafurika, nikayaacha.
Nilipogeuka, kifungo cha tatu
kilikuwa kimeingia tundu la nne.
Shati limekwenda kombo, bega moja juu,
kola imemchoma shavu,
naye amesimama wima kama askari wa gwaride.

Mama yake akanyoosha mkono amrekebishe.
Nikaushika mkono wake.

Akaenda hivyohivyo, upande upande,
akihesabu barabara kwa sauti
hadi kwenye geti la shule.

Alhamisi tunarudi Makorora.
Viatu vyake bado vina kamba.